Kwenye treni ya India wananilisha, kwenye nyumba zao hawanipangishi. Nisaidieni kuelewa

#1 Kijana wa Msamvu

Wakuu habari za muda huu.

Nipo Pune, jimbo la Maharashtra, mwaka wa tatu nasomea famasia. Kuna jambo limenikaa kifuani nimeona nilimwage hapa maana humu kuna waliosoma India kabla sijazaliwa na kuna waliopo sasa hivi.

Likizo ya Diwali nilikwenda Punjab kumtembelea rafiki yangu tuliyesoma naye Moro. Nikapanda Jhelum Express, inatoka hapa Pune jioni inakwenda mpaka Jammu kule juu kabisa, mimi nashukia Jalandhar, ni zaidi ya saa thelathini. Nilikata sleeper, lile behewa la vitanda lisilo na AC, madirisha ya nondo. Kitanda changu kilikuwa cha katikati, na hicho mchana lazima kikunjwe ili watu wapate kukaa, kwa hiyo kutwa nzima mnakaa goti kwa goti na watu usiowajua.

Mbele yangu alikaa bibi mmoja Mmarathi na mkwewe, wanakwenda Jammu mtoto wa bibi ni mwanajeshi kule. Usiku wote hatukusemeshana, bibi ananitazama tu, nikigeuka anaangalia dirishani. Asubuhi tumefika Itarsi akatoa lile hotpoti la chuma la ngazi tatu, juu chapati zimefungwa kwenye kitambaa cheupe, chini yake chatne kavu ya karanga, chini kabisa achari ya embe mafuta yanaelea. Akachana kipande cha gazeti akaweka chapati mbili akanisogezea magotini bila kuuliza. Nikasema nimeshiba. Akatikisa kichwa ile yao ambayo hujui ni ndiyo au hapana, akasukuma tena. Basi nikakunja chapati nikachovya kwenye achari nikala. Bibi akacheka akamwambia mkwewe kitu, mkwewe akaniuliza kwa Kiingereza nani amenifundisha kula hivi. Nikamwambia kwetu hii inaitwa chapati na hii inaitwa achari na mama yangu anazipika zote. Bibi alishika mdomo.

Kuanzia hapo nililishwa mimi mpaka nikaona aibu. Chai ya kila muuza chai aliyepita, guava zilizokatwa na chumvi ya pilipili, jioni Agra wakanunua petha, zile pipi laini za boga, nikapewa boksi zima. Nilikuwa nimemwita bibi "aaji", ndo bibi kwa Kimarathi, nahisi hapo ndo nilimmaliza. Usiku kibaridi cha kaskazini kikaanza akanitupia shali yake huku juu. Alfajiri nashuka Jalandhar aliamka, akamwambia mkwewe aniandikie namba ya simu kwenye kipande cha gazeti kilekile.

Haya, nimerudi Pune. Hosteli tumeambiwa mwaka wa tatu tukatafute nje. Nimezunguka nyumba 11 na dalali. Kwenye simu nyumba ipo, nikitokea getini imeshachukuliwa. Moja Kothrud ndo iliniumiza zaidi, mama mwenye nyumba ni kama yule bibi wa kwenye treni, sari ileile ya pamba, miwani ileile. Alinikaribisha kiti. Alinipa maji kwenye glasi ya chuma. Akaniuliza wazazi wazima, wadogo zangu wangapi. Kisha akasema sosaiti hairuhusu, yaani kamati ya wenye nyumba wa jengo.

Watu ni walewale. Kwa nini mtu anilishe kwa mkono wake lakini asinipe chumba kwa hela yangu? Sitafuti huruma, nataka kuelewa.

#2 Muwa

Nimevuta kiti na kikombe cha chai, endeleeni.

#3 Dr Mtarajiwa

Pole mkuu. Mimi nilikuwa Bengaluru 2013 mpaka 2017. Darasani kulikuwa na jamaa wa Bihar, Mhindi kabisa, alizungushwa miezi miwili kutafuta chumba. Kosa lake bachela. Kule bachela wa kiume anaogopwa, utakuta kibao getini kabisa kwamba ni familia tu. Wanaamini bachela ataleta wasichana, pombe na kelele halafu majirani watakuja kwa mwenye nyumba. Na ukikubaliwa Bengaluru unaombwa dipoziti ya miezi 10, ndo desturi ya mji ule tangu zamani, mwanafunzi gani ana hela hiyo. Kwa hiyo toa rangi hapo weka bachela, hesabu inakubali.

#4 Bint Ngamiani

Dr Mtarajiwa kwa heshima zote sikubaliani na wewe.

Mimi ni mwanamke, navaa hijabu, sinywi, saa mbili usiku nimelala. Greater Noida, pembeni ya Delhi, nilikataliwa nyumba sita. Msichana wa Kihindi wa darasani kwangu, bachela kama mimi, alikwenda kwenye nyumba ya tano kati ya hizo siku moja baada yangu akapewa funguo. Hapo bachela imeingiaje?

Na kwa kuwa umeitaja Bengaluru, Januari 2016 ulikuwepo. Dada yetu Mtanzania, mwanafunzi, yeye na wenzake walivamiwa na kundi la watu, akapigwa na gari lao likachomwa moto, kisa Msudani mwingine kabisa alikuwa amegonga mtu kwa gari muda mfupi kabla akamuua. Dada hamjui huyo Msudani. Machi 2017 huku kwetu Greater Noida Wanigeria wakapigwa ndani ya maduka mchana watu wanarekodi na simu, mimi wiki nzima sikutoka hosteli hata kununua mkate. Hilo sio la bachela.

#5 Dr Mtarajiwa

Dada hapo kwenye 2016 sina la kubisha. Nilikuwepo na siku zile tulikuwa tunatembea watatu watatu. Ninachosema ni kwamba sio kila mlango uliofungwa umefungwa kwa sababu hiyo. Ila nimekusikia.

#6 Upanga_Magharibi

Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya Gujarat, babu yangu mkubwa alishukia Zanzibar, mimi nimezaliwa Upanga. Niseme la ndani kidogo.

Hamjataja jiko. Kwenye familia za Kijain, nyingi za Kibrahmin na Wahindu wengi wa Gujarat nyama haiingii nyumbani, na sio suala la kupenda au kutopenda, kwao jiko lenyewe linachafuka, sufuria iliyopikiwa kuku haioshwi ikatakasika. Ndo maana India hata pakiti ya biskuti ina alama, kidoti cha kijani hakina nyama, pembetatu ya kahawia (zamani nayo ilikuwa kidoti) ina nyama. Mtu aliyezoea kuangalia kidoti kwenye biskuti atakosa kumwangalia mpangaji? Swali la kwanza huwa unakula nyama au huli, na Mwafrika wanaona hana haja ya kuulizwa. Muislamu wa Kihindi naye anapewa jibu hilohilo. Watu wa Nagaland na Manipur, majimbo ya kaskazini mashariki mwa India, wanalia kilio hikihiki kwenye nchi yao wenyewe, wanaambiwa vyakula vyao vinanuka.

Sasa kwenye treni yeye ndo amekupa chakula chake. Kitu kimetoka kwake kwenda kwako, hakijatoka kwako kwenda kwake. Mkuu Msamvu, nakuuliza kwa nia njema, wewe ulimpa nini bibi na alikula?

Mimi mwenyewe nilikwenda Ahmedabad kusoma mwaka mmoja. Nyumbani tunaongea Kigujarati, nikadhani nimefika kwetu. Mwenye nyumba akaniuliza jina la ukoo, akatulia kidogo kama mtu anayepekua daftari, akaniuliza kijiji, halafu akasema kumbe wewe wa Afrika. Nikakosa.

#7 Kijana wa Msamvu

Upanga swali lako limenishtua. Nilimpa biskuti. Alizipokea kwa mikono miwili akaweka kwenye mkoba. Sikumuona akila. Lakini pia ni mzee, labda hali biskuti ngumu, sijui.

#8 Kaka Njiti

Mnazunguka sana jamani sababu ni POLISI. Mwenye nyumba akipangisha mgeni wa nje lazima ajaze Fomu C (tangu 2025 inaitwa Fomu III) kwa idara ya wageni ndani ya siku 14, asipojaza ana kesi. Akipangisha Mhindi mwenzake hana usumbufu huo. Sasa mzee mstaafu hajui kompyuta, anaambiwa akiweka mgeni afungue akaunti mtandaoni apakie pasipoti na viza, si bora aseme nyumba imeshachukuliwa alale usingizi.

#9 Bint Ngamiani

Kaka Njiti umechanganya. Siku 14 ni zako wewe mwanafunzi kujisajili FRRO, ofisi ya usajili wa wageni, ukifika kama viza yako ni ya zaidi ya siku 180. Fomu C ya mwenye nyumba ni ndani ya saa 24. Na hizo FRRO kuanzia 2018 ni mtandaoni, mimi za kwanza nilipanga foleni toka alfajiri.

#10 Kaka Njiti

Saa 24 basi ndo imezidi kuwa mbaya, umenisaidia hoja 😀

Na mkataba wanapenda wa miezi 11 kwa sababu ukizidi mwaka lazima usajiliwe, watu wanakwepa karatasi. Mwenye nyumba anayekwepa usajili atataka Fomu C?

#11 Dr Mtarajiwa

Hapo kwenye miezi 11 angalia jimbo. Maharashtra alipo mleta mada hata huo wa miezi 11 unasajiliwa kisheria. Bengaluru ndo mlikuwa mnamalizana na karatasi ya stempu tu.

#12 Mkongwe84

Vijana hamjambo. Nimesoma yote.

Mimi nilikuwa Delhi kuanzia 1982. Simu nyumbani ilikuwa unaandikisha asubuhi unaunganishwa usiku, barua wiki tatu. Nilipanga barsati, hicho ni chumba kimoja juu ya paa, kiangazi unachemka kama muhogo na kwenye ukungu wa Januari unatetemeka. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane wa Kipunjabi, Mhindu, waliokimbia Lahore 1947 India ilipogawanywa. Alinikubali siku ya kwanza. Hakuniuliza nyama, hakuniuliza bachela. Aliniuliza kodi tu.

Tarehe 31 Oktoba 1984 Indira Gandhi akapigwa risasi na walinzi wake Makalasinga. Kesho yake mji ukawaka. Makalasinga karibu 3,000 waliuawa Delhi kwa siku chache, wengine walichomwa kwa matairi, moshi wake nilikuwa nauona kutoka kwenye paa langu. Usiku yule mama akapanda ngazi na kijana wa jirani, miaka kumi na saba hivi. Akaniambia akae kwako, hawa hawatapekua chumba cha mwanafunzi wa Afrika. Yule kijana akafungua kilemba, nywele zikashuka mpaka kiunoni, akakaa chini ya dirisha akaegemea ukuta. Siku tatu hatukuwasha taa. Mama alikuwa anatuletea roti na dengu, anaviringisha kwenye shali kama anapandisha nguo za kuanika.

Mimi mtu akiniambia Mhindi hampokei mgeni nyumbani kwake nakumbuka zile ngazi. Lakini sikatai yanayowapata ninyi, nyakati zimebadilika. Wakati wetu Waafrika tulikuwa wachache mtaani, sasa mko wengi, na walipokuwa wengi wakatokea waliokesha na miziki, wakakwepa kodi na kuleta dharau, na mwenye nyumba akiumizwa na mmoja anawafungia wote. Ndivyo ninavyoona mimi.

#13 Muwa

Mzee shikamoo. Chai imepoa mkononi.

#14 Bint Ngamiani

Shikamoo mzee. Nimelia kabisa. Ila naomba nikubishie kwa adabu, Wahindi waliokesha na miziki ni wengi kuliko sisi wote na hawajafungiwa Wahindi wote.

#15 Mkongwe84

Marahaba binti. Umenipata hapo.

#16 Mama Karafuu

Mbona jibu tunalo kwenye lugha yetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye treni umekaa siku mbili kasoro, unashuka na jembe hukupewa. Mpangaji ni mtu wa siku ya tatu na kuendelea, huyo sio mgeni tena, huyo anatumia ngazi zako, maji yako ya tangi, anakutana na binti yako koridoni. Bibi alimpa chakula mtu ambaye anajua Jalandhar atashuka. Hata mimi hapa Unguja nitamkaribisha mtalii kahawa barazani lakini chumba cha uani nauliza kwanza katoka wapi na ni mtoto wa nani.

#17 Kijana wa Msamvu

Mama Karafuu hii imeniingia. Lakini kama alijua nitashuka mbona alinipa namba ya simu? Mtu unayetaka ashuke humpi namba.

#18 Nam Lolwe

Salamu kutoka Kisumu wadau. Nimesoma Hyderabad, najibu kama Mkenya.

Mama Karafuu amegusa kitu. Kabla hatujamhukumu mama wa Kothrud tujiangalie. Nairobi kuna ploti ukienda na jina fulani la kabila hupewi nyumba, caretaker anakuuliza kwanza we ni wa wapi. Na Msomali na hela yake mkononi anaambiwa imejaa. Hiyo ni sisi kwa sisi na pasipoti ni moja.

Halafu tukumbuke hawa watu na sisi tumefungamana kitambo. Reli ya Mombasa mpaka hapa kwetu Kisumu, 1896 hadi 1901, ilijengwa na vibarua karibu 32,000 waliotolewa India, na karibu 2,500 walikufia kwenye kazi ile. Mimi mara ya kwanza kupanda treni Hyderabad nikaona kituo kidogo, paa la mabati, kengele ya chuma, jina kwenye ubao wa manjano, nikahisi nimefika Muhoroni. Sasa swali langu, waliobaki huku walipokelewaje, walipangishwa na nani?

#19 Upanga_Magharibi

Nam Lolwe swali zuri na gumu. Walijipangisha wenyewe kwa wenyewe, kila jumuiya na jengo lake, na mpaka leo kuna majengo mjini kwetu hapa mtu wa nje ya jumuiya hapati. Sitetei. Nasema sosaiti ya Pune nimeshaiona Upanga.

#20 Msafiri wa Jahazi

Wakuu niwaongezee moja inayomuunga mkono Bint Ngamiani. Mmewahi kusikia Wasidi? Ni Wahindi wenye asili ya Afrika, wapo Gujarat, Karnataka na Hyderabad, wengine mababu zao walipelekwa kama watumwa na wengine askari na mabaharia, mamia ya miaka nyuma. Mimi nilifika Jambur, kijiji chao karibu na msitu wa Gir wenye simba. Niliposhuka kwenye bajaji nikahisi niko Bagamoyo, sura za kwetu kabisa, halafu anafungua mdomo anaongea Kigujarati. Ngoma yao wanaiita GOMA. Yaani neno limevuka bahari limedondosha herufi moja tu.

Kijana mmoja pale aliniambia akienda mjini Rajkot dereva anamuuliza unatoka nchi gani. Anajibu hapahapa, wanacheka. Anakula chakula chao, anasali dini zao, hana Fomu C, hana miziki, ameoa. Na bado anaulizwa. Sasa niambieni hiyo ni jiko au ni polisi?

Na Wasidi waliwahi kutawala huko, Malik Ambar alikuwa Mswahili aliyeuzwa akaja kuongoza jeshi la ufalme wa Ahmednagar akaisumbua dola ya Mamogoli (Mughal).

#21 Mkongwe84

Msafiri umesema vizuri ila Malik Ambar hakuwa Mswahili. Alizaliwa Uhabeshi, akauzwa mara kadhaa njiani, akafariki 1626 akiwa ndo mwenye madaraka hasa Ahmednagar. Hata Habshi, jina lingine wanaloitwa Wasidi, linatokana na Uhabeshi. Na kijana wetu mleta mada treni yake imepita hapohapo Ahmednagar usiku bila yeye kujua.

#22 Msafiri wa Jahazi

Asante mzee kwa sahihisho. Uswahili ulinizidi.

#23 Kaka Njiti

Tukiwa kwenye maneno, mimi nilifika India nikashangaa nusu ya Kihindi nakijua. Gari ni gaadi, kachumbari, bima, laki, duka, rangi, dunia, kitabu, habari. Karani wa chuo alisema ada laki moja na nusu nikajibu sawa kabla ya Mnigeria hajaelewa. Maneno yote hayo Waswahili tumechukua India.

#24 Upanga_Magharibi

Sio yote ndugu. Gari, bima, laki, kachumbari na chapati sawa. Dunia, kitabu, habari ni Kiarabu, kilikwenda huku na kule, sisi na wao tumekutana dukani kwa mtu mwingine. Rangi ni Kiajemi.

#25 Kijana wa Msamvu

Na dalali! Nilisema dalali kwa bahati mbaya siku ya kwanza, jamaa akaitika.

#26 Muwa

Mi nauliza tu, mnakula nini huko? Ugali mnapata?

#27 Dr Mtarajiwa

Muwa tunapika wa suji, ngano ya chengachenga, unasonga haraka kabla haujawa gundi. Lakini ukifika Karnataka vijijini kuna kitu wanaita ragi mudde, unga wa ulezi umesongwa umeviringwa kama ngumi, unamega unachovya kwenye mchuzi unameza. Siku ya kwanza niliwekewa hosteli nilinyamaza dakika nzima. Mpishi akadhani sijapenda, akaanza kuniomba msamaha. Nikamshika mkono.

#28 Bint Ngamiani

Punjab kuna unga wa mahindi wa njano wakati wa baridi, wanaoka mkate wanakula na mboga ya majani ya haradali. Ukisonga unakubali, rangi tu ndo inakuwa kama yai.

#29 Naenda Agosti

Samahani kuingilia. Nimepata udahili Chandigarh naondoka Agosti. Hii habari ya treni imenivutia, nikifika Delhi nikate vipi tiketi ya haraka? Na je ni salama kula vya watu? Nimesikia vipaza sauti stesheni vinakataza.

#30 Dr Mtarajiwa

Karibu. Ukichelewa kuna tatkal, inafunguliwa siku moja kabla ya treni kuondoka, saa nne asubuhi kwa mabehewa ya AC na saa tano kwa sleeper, dakika tatu zimeisha. Angalia tiketi yako, WL ni foleni, usipande nayo sleeper. RAC unapanda ila kitanda cha pembeni mnakaa wawili nusu kwa nusu mpaka mmoja apatiwe chake. Mimi nimewahi kukaa RAC na mzee wa Kitamil usiku mzima miguu yake kwenye mbavu zangu, yangu kwenye mbavu zake, asubuhi akanipa mswaki mpya kutoka kwenye begi lake.

Kuhusu chakula ni kweli reli yenyewe inaonya msipokee cha mtu msiyemjua, kuna wezi wanaoweka dawa za kulewesha. Kula kilekile ambacho mwenyewe anakula kwenye chombo kilekile.

#31 Mama Karafuu

Kwa hiyo yule bibi alikuwa anasikia tangazo hilohilo na yeye akakupa, na wewe ulisikia ukala. Wote wawili mlihatarisha.

#32 Kijana wa Msamvu

Sikuwahi kuliwaza hivyo.

#33 Bint Ngamiani

Msamvu nikuulize. Ile namba umeipiga?

#34 Kijana wa Msamvu

Hapana. Kihindi changu cha sokoni, Kimarathi ndo sina kabisa. Na naona kama nitamsumbua, labda mkwewe aliandika tu kwa heshima.

#35 Mkongwe84

Piga mwanangu. Mimi yule mama nilimwandikia barua mbili nikaacha. Mwaka 1999 nilipita Delhi kikazi nikaenda mpaka ule mtaa, nyumba imevunjwa, ghorofa nne zimesimama, hakuna hata mmoja anayemjua. Piga leo.

#36 Upanga_Magharibi

Ukipiga mwite vilevile ulivyomwita, aaji. Mengine yatajipanga.

#37 Kijana wa Msamvu

Wakuu nimepiga. Imeita sana nikataka kukata, akapokea mwenyewe. Nikasema aaji, Jhelum Express, chapati. Kimya. Halafu akapiga ukelele akamwita mtu, naamini mkwewe, lakini simu hakumpa. Akanisemesha Kimarathi mfululizo mimi naitikia tu, nilichoshika ni kimoja, "jevlas ka", amerudia mara tatu. Nimemuuliza mwanafunzi mwenzangu, amesema ni umekula?

Nimemwambia nimekula.

#38 Muwa

Daah. Na nyumba je?

#39 Kijana wa Msamvu

Bado. Kesho jioni naenda Kondhwa kuona chumba, wanakaa vijana wawili wa Manipur, wanatafuta mtu wa tatu. Wameniuliza kama harufu ya samaki mkavu inanisumbua. Nimewaambia kwetu Moro dagaa ni wa kila siku.